Nova ya Marehemu Baba Mdogo

Mama alishasema: theluji ya kwanza ikianguka na hiyo Nova haijawaka, inaenda kwa jirani yetu Gerrit, na yeye Mama hatoi dola nyingine ya matengenezo. Baba akakubali. Gari lilikuwa la mdogo wake, marehemu, na lilikuwa garajini kwetu Toledo tangu azikwe.

Mimi na Baba tukaifungua injini yote; pesa zilitosha beringi, ringi na gasketi mpya. Pistoni tulirudisha za zamani. Kemshafti ya zamani, ule mhimili unaofungua vali, pia ilikuwa nzima, na tapeti zake, vile vyuma vidogo inavyovisukuma, nilizipanga kwenye trei ya mayai, kila moja irudi tundu lake. Lakini Baba akaja na kemshafti mpya, ile ya kuifanya injini ingurume.

"Baba, turudishe tu ya zamani."

"Ilie kama cherehani? Marehemu akiwasha, vioo vya mtaa mzima vilitetemeka!"

"Basi na tapeti ziwe mpya. Karatasi ya kwenye boksi inasema za zamani zitaila hiyo kemshafti."

"Karatasi anaiandika muuza tapeti." Akacheka. "We darasani hata ukiitwa jina huitiki, leo fundi mkuu?"

Nikamsogezea trei ya mayai. Akafunga kemshafti mpya na zile tapeti kuukuu.

Jumamosi mawingu yalikuwa yameshuka kabisa. Baba akawasha, na kweli vioo vikatetemeka. Mama akatoka mbio na ndara zake.

"Wendell! Umeweza, mzee wewe! Haya, gari lako, sina neno tena."

Injini ikifungwa kemshafti mpya haiachwi izunguke taratibu mwanzoni, lazima izunguke kwa kasi. Baba alikuwa ameinama chini ya boneti, anavuta waya wa mafuta kwa mkono, anacheka. Halafu nikasikia: tik. Tik, tik, tik. Baba akaacha kucheka. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo: usiseme.

Mama alikuwa bado anapiga makofi.

Tik, tik. Tapeti zilikuwa zinaisaga kemshafti, na unga wa chuma ulikuwa unaingia kwenye oili, unaelekea kwenye beringi zetu mpya. Nikapitisha mkono dirishani, nikazima swichi.

"Mbona umezima?" Mama akashangaa.

"Kemshafti inaliwa," nikasema. Nilisikika mpaka barabarani.

Mama akamgeukia Baba. "Wendell?"

Baba akakaa juu ya ndoo, akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Nje theluji ilishaanza.

"Mwambie Gerrit," akasema, "asiiwashe mpaka abadilishe kemshafti. Na tapeti zake."