Kisu cha Lukeria

Mwanamke alishuka kwenye boti ya watu tusiowajua, viatu vyake vyeupe vikazama kwenye tope la mto Kuskokwim mbele ya hema letu la uvuvi, na kabla hajakaribishwa chai akauliza, "Kile kisu cha Lukeria bado kipo?"

Nilikuwa nimekishika mkononi: kisu cha nusu mwezi, mpini wa pembe, kimejaa damu ya samoni wadogo tuliowatoa wavuni asubuhi ile. Nikakishusha chini ya meza.

"Nani anauliza?"

"Pelagia. Binti yake. Shikamoo, mama mkubwa."

Bibi yangu Nastasia, dada yake marehemu Lukeria, hakuacha kutoa matumbo. "Usiniite mama mkubwa bado. Pelagia alichukuliwa na baba yake ana miaka kumi, na macho yangu siku hizi yana ukungu. Hata kuku anaweza kuja kuniambia yeye ni Pelagia."

Tulikuwa na sababu. Kiangazi kilichopita alipita mtu akitafuta visu vya zamani vya kuuzia watalii. Alijua majina ya marehemu wetu wote. Kumbe aliyasoma makaburini.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine. Miaka tisa nyuma, ndege ilipokuja kumpeleka Lukeria hospitali, alinipa kile kisu. "Mtunzie Pelagia. Akija, mpe siku hiyohiyo." Nikakubali. Tulikuwa wawili tu. Bibi alidhani nimepewa kiwe changu. Tangu hapo sijakatia samaki kisu kingine. Kwa hiyo nilitaka yule mwanamke awe mwongo. Nilitaka sana.

"Dusia, mpe samaki mmoja," Bibi akaniambia. "Mpe na kisu. Tuone."

Nikampa, nikasimama karibu naye kuliko ilivyohitajika. Akaondoa kichwa, akapasua tumbo, akaweka mayai pembeni. Akapitisha kisu pande zote mbili za uti wa mgongo mpaka minofu miwili ikabaki imeshikana mkiani tu.

"Siku hizi hata kwenye simu wanafundisha," nikasema.

Akamtundika samaki juu ya uchanja wa kukaushia, mnofu mmoja huku, mwingine kule.

Bibi alikuwa anamimina chai tuliposikia pwaa! Mkia umekatika, minofu iko topeni, na mbwa ameshafika.

"Umeacha mkia kiasi gani?" Bibi akauliza.

"Vidole viwili. Mama alisema vinatosha."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Vinne! Maisha yake yote nilimwambia vinne, hasikii! Mbwa wa Lukeria walinenepa kuliko wanawe!" Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Njoo hapa, mtoto mbishi wewe."

Kosa lile halikuandikwa kwenye kaburi lolote.

Walipomaliza kukumbatiana, Pelagia akanirudishia kisu, mpini mbele. "Nilitaka kukishika tu. Naona sasa ni chako."

Ningeweza kunyamaza. Nilikiosha mtoni polepole, nikakikausha kwa nguo yangu, nikarudi.

"Mama mdogo," nikamwambia, "mama yako aliniagiza nikupe siku utakayokuja. Ni leo."

Bibi alinitazama, kikombe kimesimama hewani. Pelagia alikipokea kwa mikono miwili.

Samaki themanini hivi walikuwa bado kwenye beseni. Nikaingia hemani, nikatoka na kisu cha mkate chenye mpini wa plastiki, nikavuta wa kwanza. Mnofu ulichanika vibaya. Nikavuta wa pili.