Chini ya Mkeka ni Jumamosi

Kisiwa chetu cha Tutuila kilikuwa kimeshafifia nyuma yetu, milima yake imebaki kama mgongo wa nguruwe aliyelala, ndipo Lagi alipomuuliza kaka yake swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla hatujafungua kamba.

"Pouono, huko tunakokwenda ni siku gani?"

"Ijumaa," alijibu Pouono bila kugeuka.

"Lakini Ijumaa ni leo, hapa kwetu."

"Ndiyo. Kesho alfajiri tukifika, kwetu itakuwa Jumamosi na kwao Ijumaa. Si walipoteza siku wale? Mtu aliyepoteza kitu ana pungufu. Wako nyuma."

Boti ilikuwa ya uvuvi, na ukoo mzima ulikuwa umejibana kati ya ndoo za chambo. Hapo kila mtu akapata mdomo. Mwaka uliopita, ulipokuwa unakwisha, wenzetu wa Upolu, kisiwa tulichokuwa tunakiendea, walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi, kwa amri ya serikali yao, ili siku zao za biashara ziende sawa na za New Zealand. Sisi wa Tutuila, tulio chini ya bendera ya Marekani, tukabaki na siku zetu. Ni watu wamoja, lugha moja, makaburi yetu yamechanganyika, na jua hilohilo linatuchomozea karibu pamoja. Ila kalenda zikaachana.

"Hawakupoteza, waliruka," alisema Lagi. "Anayeruka anakuwa mbele."

"Ukiruka mtaro ukatumbukia, unakuwa mbele?"

Watu wakacheka. Mmoja akanigeukia. "Babu, wewe umezunguka dunia. Tuamulie."

"Nimezunguka nikiwa jikoni," nikamwambia. "Kuna safari nilipika mayai ya Jumanne mara mbili. Kuna nyingine Jumatano haikupikiwa hata chai. Meli ilikuwa inaelekea wapi safari ipi, sikumbuki."

"Miaka yote hiyo baharini," alisema Lagi, "umerudi na mayai tu!"

Pouono akafunga mjadala. Yeye ndiye mkuu wa ukoo wetu, na mkuu akisema Ijumaa, tunakwenda Ijumaa.

Mtu mmoja hakucheka. Felise, mtoto wa Pouono, alikaa mbele kabisa ya boti, maji ya chumvi yakimrukia usoni, wala hakujifuta. Safari ilikuwa yake. Kijana mmoja wa Upolu, Ropati, alikuja kwetu kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, na jioni moja gari la Felise likamkuta kando ya barabara na kumponda mguu. Ropati alirudishwa kwa mama yake amebebwa. Kaka zake wakatuma salamu kwamba mguu wa Felise nao una siku yake.

Kwetu jambo kama hilo lina njia yake. Inaitwa ifoga. Mkosaji na watu wake wanakwenda kukaa mbele ya nyumba ya waliyemkosea kabla jua halijatoka, wamejifunika mikeka ya heshima, ile iliyosukwa na mabibi na kurithiwa. Wanakaa, hawasemi. Mwenye nyumba akifunua mkeka, yamekwisha. Asipofunua, nanyi mkainuka wenyewe, basi mmekataliwa, na kila mwenye hasira ana ruhusa nayo. Usipofanya ifoga kabisa ni vibaya zaidi. Kwa hiyo mguu wa Felise, na pengine roho yake, vilikuwa mikononi mwa mama yake Ropati, mjane anayeitwa Sulu, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

Tulifika kijijini kwao kukiwa bado kijivu. Tukavuka mchanga kimya, tukaketi mbele ya nyumba yake, Felise mbele peke yake chini ya mkeka bora kuliko yote, sisi nyuma yake. Ndipo harufu ikanifikia. Nikainua ukingo wa mkeka wangu kidogo. Moshi ulikuwa unatoka nyuma ya nyumba ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, mpaka mwisho wa kijiji. Kwetu na kwao, siku ambayo kila nyumba inawasha mawe ya kuokea kabla ya mapambazuko ni moja tu, ili chakula kiive watu wakiwa kanisani.

Kengele ikalia.

Lagi, chini ya mkeka wake, akasema taratibu, "Haya, kaka. Ijumaa yako inanukia nguruwe."

Pouono akauvuta mkeka wake mpaka chini.

Mlango wa Sulu ukafunguka. Wakatoka wanaume watatu, kaka zake Ropati, vifua wazi, mikono myeusi kwa masizi. Mmoja alikuwa ameshika mti wa kugeuzia mawe ya moto. Akamwendea Felise, akasimama juu yake. Mti ulikuwa bado unatoa moshi. Nikafumba macho.

"Weka chini." Ilikuwa sauti ya mzee. "Leo Jumapili."

Huyo alikuwa msemaji wa kijiji, ameshavaa shati jeupe la kanisani. Akatuzunguka polepole kama mtu anayeangalia mahindi yaliyoingiliwa na ng'ombe.

"Nyinyi watu wa Tutuila mmefanya nini? Hapa Jumapili hatuamui jambo, hatugombani, hatupatani. Baraza limeshakata shauri. Anayevunja analipa nguruwe. Rudini kwenye boti yenu, mje kesho."

"Tukiinuka, tumekataliwa," alisema Pouono.

"Basi kaeni."

"Tukikaa, tunavunja Jumapili yenu."

"Naona umeelewa," alisema msemaji, akaenda kanisani.

Watu wakapita kando yetu wamevaa nyeupe tupu, kofia na vitambaa, wakivuta watoto wasituangalie. Jua likapanda. Chini ya mkeka mnene ni kama ndani ya chungu. Jasho lilinitiririka mpaka likaacha kutiririka. Tulisikia nyimbo zote, na mahubiri marefu yasiyoisha. Mara mbili nilimwona Felise akiyumba, na mara zote akajizuia kwa kiganja.

"Dada," alinong'ona Pouono, "nimemuua mwanangu kwa hesabu."

"Nyamaza ukae wima," alisema Lagi. Lakini akanyoosha mkono chini ya mikeka akamshika kidole, na hakumwachia.

Kanisa likatoka. Mama mmoja mfupi, mwenye mavazi meupe kuanzia kofia mpaka viatu, akaja akasimama mbele yetu na kitabu chake cha nyimbo kifuani. Kijiji kikasimama nyuma yake. Hakuna aliyehitaji kuniambia kuwa ni Sulu.

"Mzee uliye nyuma ya kijana," alisema, "kwenu leo ni siku gani?"

"Jumamosi, mama," alisema Pouono.

"Una hakika?"

"Sasa hivi ndiyo nina hakika. Alfajiri sikuwa nayo."

Mtu akaguna kicheko, akakimeza.

"Na ulifikiri kwetu itakuwa lini?"

"Ijumaa, mama."

"Ijumaa!" Akamgeukia msemaji. "Umesikia? Wametoka kwao Ijumaa wakaja kuitafuta tena."

"Nimesikia," alisema msemaji. "Na bado ni Jumapili."

"Hapa niliposimama, ndiyo. Lakini hawa hawajapokewa na mtu. Mgeni asiyepokewa hajafika. Kama hajafika, siku yake ni ya kwao. Chini ya mkeka ule bado ni Jumamosi."

Msemaji akakuna shingo. Wasemaji ni watu wanaopenda hoja kuliko chakula, nami niliona hii imemwingia. "Pengine. Ila mkono utakaofunua mkeka ni wako, na mkono wako uko Jumapili."

"Sijasema nafunua."

Akamkabidhi mwanawe mkubwa kitabu cha nyimbo na kofia. Akapiga magoti mchangani na gauni lake jeupe, akainamisha kichwa, akaingia chini ya mkeka wa Felise. Ikawa vichwa viwili chini ya mkeka mmoja.

Nilikuwa karibu. Nilisikia.

"Joto humu," alisema Sulu.

"Ndiyo, mama."

"Kaka zake wanasema ulikuwa umelewa. Watu wa kwenu wanasema barabara ilikuwa inateleza. Wewe unasemaje?"

Pouono akaacha kupumua.

"Nilikuwa nimelewa, mama. Barabara ilikuwa kavu."

Mawimbi yakagonga miamba mara kadhaa.

"Ropati hawezi kwenda chooni peke yake," alisema. "Mimi nimezeeka, na kaka zake wanamnyanyua kama gunia. Una mgongo mzuri?"

"Ninao."

"Basi."

Akasimama. Hakuushika mkeka. Alisimama tu, nao ukiwa kichwani pake ukapanda naye, ukateleza mabegani, ukaanguka nyuma yake mchangani. Felise akabaki wazi kwenye jua, uso umevimba, akipepesa macho.

"Nani kaufunua?" aliuliza msemaji.

"Umeanguka," alisema Sulu. "Jumapili vitu haviruhusiwi kuanguka?"

Kijiji kizima kikacheka, na yule kaka wa mti wa moto akacheka mwisho, bila kupenda. Halafu wakatuletea maji. Kisha chakula: nguruwe, viazi vikuu, majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Lagi alimwambia kaka yake, mdomo umejaa, kwamba kama angehesabu vizuri tungefika siku ya ndizi za kuchemsha.

Msemaji hakulala na jambo lile. Baraza lilipokaa, alilipitisha: anayekuja kuomba msamaha yuko katika siku ya kwao mpaka apokewe. Wakaipa jina, saa ya mkeka. Haimo katika sheria ya serikali yoyote, lakini pale kijijini watu wanaijua.

Felise alibaki kwa Sulu akimbeba Ropati mpaka akatembea kwa fimbo, kisha akabaki tena akilima magimbi. Pombe aliacha, akairudia, akaacha. Ropati anafundisha kwaya. Kaka wa mti wa moto alihamia Auckland. Sulu alifariki wakati wa mvua, na mkeka ule alizikwa nao. Pouono alitundika kalenda mbili ukutani, ya kwetu na ya Upolu, na hakuzigusa. Lagi ndiye aliyekuwa akizibandua, mpaka kaka yake alipofariki, na sasa anabandua moja. Boti iliuzwa. Mimi nimerudi Pago, huku kwetu Tutuila, nakaa na mpwa wangu, na mwezi ujao nakwenda Upolu kumwona mtoto wa Felise. Wameniambia nifike Jumatano. Nimewaambia nitafika.