Taratibu Yumo Kwenye Paipu

Asubuhi Mama Pacha alichomeka betri kwenye mashine ya kuvutia kebo, akasikia ile "tak" yake, akaitikisa kidogo kuhakikisha imekaa. Akakagua mnyororo unaoifunga mashine kwenye nguzo. Akaipitisha kamba mkononi kipande kwa kipande, akitafuta mahali palipochanika, hakupaona. Kisha akagonga mdomo wa paipu kwa spana.

"Baba Pacha, umeamkaje?"

"Salama," mumewe alijibu kutoka ndani ya paipu. "Ila huku leo joto, acha tu."

"Kesho wanafungua jengo, watawasha mashine za baridi."

"Haya. Pacha wameenda shule?"

"Wameenda. Mmoja kaenda ananuna."

"Najua ni yupi," ilisema paipu.

Kuvuta kebo ni kazi ya watu wawili na swichi moja. Mmoja anakaa ghorofa ya chini, anailisha kebo kwenye mdomo wa paipu huku akiipaka jeli ili iteleze. Mwingine yuko juu, kwenye mashine. Akiibana swichi, mashine inavuta, akiiachia, inasimama. Ndiyo maana wa juu haondoki, wala haliondoi sikio lake kwenye redio ya mkononi, maana wa chini ndiye mwenye vidole karibu na paipu. Hakuna siri nyingine hapo, hata mpishi angeelewa.

Msimamizi alielewa pia. Lakini alikuwa mtu ambaye hata maji aliyanywa akitembea, na kumwona mtu mzima amekaa siku nzima kabana swichi kulimuumiza roho. Kwa hiyo alitembea na tepu nyeusi mfukoni. Aliizungushia swichi tepu, swichi ikabaki imebanwa, mashine ikavuta yenyewe, na yule mtu akatumwa kwenda kushika ngazi chumba kingine. Kitufe chekundu cha kusimamishia kwa dharura kilikuwa kimeng'oka kwenye jengo lililopita. Msimamizi alisema kitaletwa.

Siku moja aliyekuwa chini ni mume wa Mama Pacha, ambaye kila mtu alimwita Taratibu kwa sababu ndilo neno alilokuwa akilirudia kwenye redio. Ile soksi ya waya inayobana kichwa cha kebo ilimnasa glavu. Akasema "simama." Redio ya pili ilikuwa juu ya mashine, peke yake, ikaliambia dirisha. Akasema tena, sasa kwa kupiga kelele, na dirisha likasikia tena. Kilitangulia kiganja, kikafuata kiwiko, kisha bega, na kwa kuwa alikuwa mwembamba wa kupindukia, akaingia mzima kwenye paipu ya inchi nne. Viatu vilibaki nje. Kule juu kebo ilitoka safi, imepakwa jeli vizuri, na msimamizi akaisifia.

Ofisi ikasema Taratibu ameondoka eneo la kazi bila ruhusa. Mama Pacha alikwenda na vile viatu kwenye mfuko, akaviweka juu ya meza yao. Wakamwambia viatu ni mali ya kampuni, wakavichukua. Walipoona haondoki, wakampa kazi, na kwa kuwa alikuwa amesomea umeme hukohuko alikokutana na mumewe, wakampa mashine ileile. Aliwachukia kuanzia mlinzi wa mlangoni hadi mkubwa wao, na kesho yake aliripoti mapema, kwa sababu pacha wanakula.

Mafundi walizoea. Taratibu alizunguka jengo zima kupitia paipu, na asubuhi kila aliyefika aligonga sanduku la swichi lililo karibu akamsalimia. Fundi vigae pekee ndiye aliyelalamika, akasema huyu bwana anakoroma kwenye ukuta wa bafu, kazi haiendi. Taratibu akaomba radhi, akahamia upande wa ngazi.

Nafasi yake ya chini alipewa mdogo wake. Mama Pacha alimwita shemeji, mafundi wakafuata, mpaka msimamizi naye akawa anamwita Shemeji, na yeye anaitika. Alikuwa mcheshi, mwenye mikono minene ya haraka, na mikono hiyo ndiyo iliyomkosesha Mama Pacha usingizi.

"Shemeji, mimi sitoki kwenye swichi," alimwambia siku ya kwanza. "Hata jengo liungue."

"Usitoke kweli. Pacha wakiwa na baba ukutani, na baba mdogo ukutani, nani atawapeleka shule?"

Alicheka peke yake.

Sasa, siku moja kabla ya ufunguzi, ilibaki kebo moja tu, nene kuliko zote, ya kupeleka umeme kwenye lifti. Wageni rasmi walikuwa wanakuja kesho na hakuna aliyetegemea wapande ngazi. Mama Pacha alikaa ubavuni mwa mashine, si mbele yake, kwa sababu kamba ikikatika inarudi moja kwa moja kama mjeledi. Akabana swichi. Kebo ikaanza kupanda. Mshale wa kipimo ulitulia chini, kwenye kijani.

"Taratibu," ilisema redio kwa sauti ya Shemeji.

"Taratibu," ilisema paipu kwa sauti ya kaka yake.

Ndipo msimamizi akaingia, tepu mkononi.

"Mama Pacha, njoo unisaidie kuinua lile sanduku kubwa la umeme. Watu hawatoshi."

"Bosi, nina mtu chini."

"Namjua. Kwani kebo inataka kuangaliwa? Si mtoto."

"Bosi, kwa swichi hii hii..."

"Mumeo aliondoka bila ruhusa. Imeshasemwa." Alikuwa ameshainama, anazungusha tepu. "Kama hutaki, wako watu getini tangu alfajiri wanaitaka hiyo nafasi. Nimwite mmoja?"

Mama Pacha aliwafikiria hao wa getini. Yeyote kati yao angekwenda kuinua sanduku bila kuuliza. Akachukua redio, akasema, "Shemeji, nimetolewa kwenye swichi. Toa mikono, acha iende yenyewe."

"Ikienda yenyewe inajikunja, shemeji. Nashika kidogo tu."

"Usishike!"

"Nyanyua miguu, mama," msimamizi alisema.

Alitoka kinyumenyume. Hakufika kwenye sanduku. Alikuwa mlangoni redio iliposema, "Simama," kwa sauti ya kawaida kabisa, na halafu, "Simama! Shemeji, glavu! Simama!"

Msimamizi alikuwa karibu zaidi. Akaikwaruza ile tepu kwa kucha, akitafuta ncha yake. Alikuwa ameizungusha vizuri, ni mtu anayefanya kazi yake vizuri, na ncha haikuonekana. Mshale ulipita kijani, ukapita njano, ukaingia kwenye nyekundu. Kamba ikawa nyembamba, ikaanza kutoa sauti ya juu, kama mbu. Mashine ikavuta hadi mnyororo ukalia kwenye nguzo, lakini kebo haikusogea hata ukucha.

"Nimeishika," ilisema paipu. "Mkono wake umeingia hadi kwenye kiwiko. Siwezi sana, Mama Pacha."

Njia fupi ya kufika kwenye betri ilipita mbele ya kamba. Aliinua mguu.

"Usipite mbele!" paipu ilifoka. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumfokea. "Zunguka!"

Akazunguka. Alipita nyuma ya nguzo, akajibana ukutani, akaruka ndoo ya jeli, huku redio ikilia, "Mama yangu, mama yangu," na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu safari hii alikuwa anasikia. Akaifikia mashine kwa ubavu. Akaishika betri kwa mikono miwili, akabonyeza vishikizo, akaing'oa.

Kimya.

"Msiiguse kamba," ilisema paipu, inahema. "Bado imekaza. Nitaiachia polepole."

Mshale ukashuka, njano, kijani, chini kabisa. Muda kidogo baadaye Shemeji alipanda ngazi, mkono mmoja mtupu, umechubuka kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, lakini vidole vyote vipo. Alikaa chini sakafuni. Kutoka kwenye tundu la soketi karibu na mlango ilichomoza glavu yake, kidole baada ya kidole, ikadondoka pembeni yake imelowa jeli.

"Asante, kaka," Shemeji alisema.

"Nilikwambia taratibu," ilisema soketi.

Msimamizi alifuta jasho. Aliitazama glavu, akaitazama paipu, na ilionekana wazi kwamba kuna hesabu inaendelea kichwani. Akachuchumaa penye mdomo wa paipu.

"Wewe. Unaweza kuishika kebo. Kuisukuma je?"

"Naweza."

"Kuielekeza kwenye kona?"

"Mimi niko kwenye kona."

"Na huwezi kunaswa glavu."

"Mimi glavu ya kunaswa sina tena, bosi. Nimeshanaswa."

"Basi vizuri," msimamizi alisema, akainuka. "Tulikuwa tunaweka watu wawili bure."

Shemeji aliachishwa kazi palepale sakafuni, akiwa bado anajipulizia mkono. Mama Pacha alisema ofisi ilishatangaza kwamba mumewe aliondoka bila ruhusa, sasa atalishaje kebo? Msimamizi akamjibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa: ikiwa aliondoka, basi leo amerudi. Na aliyerudi kazini hakufa. Na asiyekufa, mjane wake hana cha kuidai ofisi. Kisha akachana kipande kipya cha tepu, kirefu kuliko cha kwanza, akakizungusha juu ya kile cha zamani, akaenda kuinua sanduku lake.

Shemeji akaondoka na glavu zake. Mlangoni alisema jioni atapitia pacha shuleni, maana sasa ana nafasi.

Mama Pacha alibaki na mashine.

"Baba Pacha, na wewe umekubali?"



"Nikikataa, sasa hivi watamweka mtu pale chini," ilisema paipu. "Mtu mwenye mikono."

Alilia. Alilia ubavuni mwa mashine, mbali na mstari wa kamba, kama alivyofundishwa. Halafu akakagua mnyororo. Akaipitisha kamba mkononi kipande kwa kipande, na sehemu moja ilikuwa imeanza kuchanika, akamwita msimamizi kumwonyesha, na msimamizi akapaza sauti kutoka chumba cha pili kwamba itatosha.

"Uko tayari?" Mama Pacha aliuliza.

"Niko tayari. Taratibu."

Akarudisha betri. Ilipolia "tak," mashine ikaanza kuvuta yenyewe, kwa sababu swichi ilikuwa imeshabanwa.