Mstari wa Mwokaji Mikate

Miaka minane Muriel na mumewe Wilfred hawakuwa wakisemezana, ila jukwaani. Nyumbani Wilfred alizungumza na paka: "Mwambie mama yako chai imepoa." Muriel naye alimjibu paka huyohuyo. Mji mzima wa Skelbrough, kaskazini mwa Uingereza, ulijua, na mji mzima ulijifanya haujui, maana watu wa Yorkshire kwa kunyamazia mambo hawana mfano.

Ilianza siku mtoto wao wa pekee, Len, alipogonga ukuta wa kiwanda cha sufu kwa pikipiki. Baba ndiye aliyemnunulia. Walipotoka makaburini Muriel alisema mbele za watu, "Umemuua wewe." Basi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini kila Machi chama cha maigizo cha mji kilitoa mchezo wa kuchekesha, wa nyimbo na dansi, na kila mwaka hao wawili ndio walioigiza mume na mke wagomvi. Hapo Wilfred alimwita "kipenzi", alimwita "kichwa cha kabichi", na Muriel aliyapokea yote kama mtu aliyefunga mwaka mzima. Maneno yalitungwa na mtu mwingine, najua. Lakini sauti ilikuwa ya mumewe, na nyingine hakuwa nayo.

Mwaka huu kamati ikamnyang'anya nafasi hiyo.

"Bi Muriel, koo lako limechoka," alisema Bwana Tordoff, kiongozi wa mchezo, pai ikiwa tele mdomoni. "Doreen atacheza mke. Wewe utakuwa mkumbushaji. Unakaa pembeni na kitabu, mtu akisahau mstari unamtajia."

"Doreen? Yule anayeimba kama bawaba ya mlango?"

"Ana miaka ishirini na minne, bibi wee. Watu watamtazama, nani atamsikiliza?"

Akakubali. Afadhali amsikie akisema na mwingine kuliko asimsikie kabisa. Roho ilimuuma, jamani! Tena kumkumbusha Wilfred ilikuwa kazi bure, kwani katika maisha yake hakuwahi kusahau hata neno moja. Wiki zote za mazoezi alipita mbele ya kiti cha mkewe bila kugeuza shingo.

Ikaja Jumamosi mchana, onyesho la mwisho. Ukumbi wa kanisa ulijaa hadi kwenye meza ya chai. Wilfred, aliyeigiza mwokaji mikate aliyemtoroka mkewe, alichomoka ndani ya pipa mweupe pe kwa unga, watu wakavunjika mbavu. Doreen akasimama mikono kiunoni, akimngoja aseme. Wilfred hakusema.

Akageuka, si kwa Doreen, bali pembeni alikoketi Muriel. Akamtazama. Kidole cha Muriel kilikuwa juu ya mstari wenyewe: *Nisamehe, mpenzi wangu. Nilikosa mimi.*

Loo! Akaelewa papo hapo. Mwanamume yule hakusahau kitu. Alikuwa ametafuta katika mchezo mzima mahali ambapo mkewe angeweza kuyatamka maneno hayo bila aibu, akampa. Alichotakiwa ni kusoma tu.

Muriel akafungua mdomo. Akaliona jeneza la Len, akajisikia akisema lile neno la makaburini, na sauti ikagoma. Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Wilfred aliendelea kungoja, machozi yakichora mistari kwenye unga wa mashavuni.

"Nisamehe, mpenzi wangu!" Bwana Tordoff alifoka kutoka upande wa pili. "Nilikosa mimi! Sema, bwana, umelala?"

Wilfred akamgeukia Doreen, akausema mstari, piano ikadakia, wakaimba.

Pazia liliposhuka Muriel alikuwa bado kitini. Wilfred akapita akijifuta uso kwa taulo.

"Tordoff," alisema, "mwakani msinipange. Naacha."

"Unaacha nini? Ukumbi mzima umekuja kwa ajili yako!"

"Nimesema naacha."

Akachukua koti lake, akatoka. Mlango ukafungwa.

"Nisamehe," Muriel alisema. Safari hii sauti ilitoka safi kabisa. "Nilikosa mimi."

Bwana Tordoff akamgeukia, akampigapiga begani.

"Aa, usijali, Bi Muriel," alisema. "Ni mstari mmoja tu. Wala watu hawakujua."