Matikiti Chini ya Tuta

Wallahi, haya yote ni kweli tupu, na asiyeamini aje huku Ramisi aniulize mimi mwenyewe, maana shahidi mwenye macho kama yangu hayupo.

Tuna bwawa dogo, tuta lake la udongo. Jumapili watu wa Ukunda huja kupiga makasia na kuvua samaki kwa ndoana. Kaskazi hii, jua limekausha hata mate mdomoni, nikaona chini ya tuta pamelowa chapachapa. Na mbele kidogo, matikiti ya Tsofa, mlinzi wa bwawa, yamenona hata ng'ombe hulizunguka moja akachoka njiani.

Nikaanza kumchunguza. Mbona ana tope magotini kila asubuhi? Mbona akiniona tu huwahi kunipa shikamoo? Mtu safi hana haraka hiyo.

Nikaenda kwa Alfani, mwenyekiti wa bwawa.

"Tsofa ametoboa tuta, kaingiza bomba. Nimeliona, nene kama dohani la kiwanda cha sukari."

"Dohani?"

"Basi, nusu dohani."

Alfani hakucheka. Tuta likivunjika, bwawa limekwisha. Na nikiwa nimesema kweli, Tsofa atatoka siku hiyo hiyo, yeye na mkewe Kahaso, kazi waiache na kibanda wakiache. Akaita watu waje na majembe. Sasa kwetu, anayesababisha watu waitwe kuchimba ndiye anayewalisha.

"Bomba likiwepo, atalisha Tsofa," akasema Alfani. "Lisipokuwepo, mzee Jaafar, tunamchinja beberu wako."

"Nimekubali."

Tukachimba. Bomba hakuna. Kahaso analia kimya, Tsofa kakodoa macho.

"Ongezeni," nikasema. "Limerudi ndani."

Jembe la Twaiba, yule anayekaanga viazi pale bwawani, likagonga bati. Likatoka kopo, limejaa minyoo ya chambo, hai, inajinyonganyonga. Kando yake vishimo vimeingia tutani, maji yanachuruzika humo.

"Vishimo hivyo kila siku naviziba," Tsofa akasema. "Kesho yake navikuta vimefukuliwa."

"Nani anachimba minyoo kwenye tuta?" Alfani akauliza.

"Kenge," nikawahi.

"Kenge anavua kwa ndoana?"

Twaiba akalinyanyua kopo, akautazama mshikio wake wa kitambaa. "Babu, hii si ile kanga yangu niliyokupa ufunge goti?"

Nikamwambia kenge wa mwaka huu ni wezi sana.

Beberu alichinjwa kabla ya adhuhuri. Watu walikula pilau wakiwa wamekaa juu ya tuta, nami nimo shimoni naziba tuta, nakanyaga udongo wa mfinyanzi, harufu inanipita puani. Tsofa akaja ukingoni, paja zima la beberu mkononi, akatafuna, akameza, akachungulia chini.

"Mzee," akasema, "kanyaga na pale pembeni."