Nyama Iliyotiwa Chumvi

Mimi sina subira na watu wanaozika kitu ambacho hakijafa. Na Ijumaa ile, hapa Montevideo, Profesa Iriarte, mkuu wa maabara yetu, alikuwa ameshashika jembe.

Tumetengeneza chipu ndogo kama punje ya mchele, ya kuuamsha moyo unaosahau kupiga. Haina betri. Kisahani kinabandikwa juu ya ngozi, kinarusha umeme, nao unapenya nyama mpaka kwenye chipu. Mdogo wangu Yamila ana kifaa cha zamani, na kila betri ikichoka anapasuliwa kifua upya. Hii ya sasa inakaribia kuisha, naye kaapa kisu hakimgusi tena. Heri afe, anasema, na ninamjua, hatanii. Chipu yetu inaingia kwa sindano tu, na yeye ndiye wa kwanza kwenye majaribio, mradi ukiendelea.

Tukalaza pande nene la nyama ya nguruwe juu ya kioo, chipu chini yake, kisahani juu. Nikawasha. Taa ya chipu haikuwaka. Nikaongeza nguvu, wapi! Iriarte akavua miwani, akasema taratibu kwamba mradi anaufunga leo.

Nikamwona Nery, fundi wetu, anatazama viatu vyake. Moyo ukanilipuka. Kwetu nyama ya majaribio haitupwi. Kila Ijumaa tunaichoma uani, na bwana wa moto ni Nery. Nikapitisha kidole kwenye nyama, nikalamba. Chumvi tupu.

"Umeitia chumvi lini?"

"Jana, dada. Nilitaka ikolee."

Loo! Nyama iliyolala na chumvi inaumeza umeme wote njiani. Nilitamani kumzaba kofi. Iriarte akasema visingizio havijawahi kuadimika duniani, akachukua koti lake.

Nikaiweka chipu kiganjani, nikafumba ngumi, nikakibandika kisahani mgongoni mwa mkono. Wekundu wa taa ya chipu ukachungulia katikati ya vidole vyangu.

"Mkono si kifua, binti," akasema.

"Basi nionyeshe kifua kilichotiwa chumvi, Profesa. Ngumi hii siifungui, na wewe huondoki, mpaka Nery arudi kutoka buchani."

Nery alikuwa ameshatimua mbio. Iriarte akabaki amesimama na koti lake, mimi na ngumi yangu. Nery akaja anahema na pande nene kuliko lile la kwanza. Nikasema vizuri, nene hivyo hivyo ndilo ninalolitaka. Nikaweka chipu chini, kisahani juu.

Ikawaka. Iriarte akainama, akaitazama mpaka nikachoka kumsubiri. Kisha akalitundika koti.

Nikampigia Yamila, nikamsimulia yote, hata ile chumvi ya Nery. Akauliza jambo moja tu, kama kuna kisu. Nikamwambia sindano. Nikamsikia akipenga kamasi.

"Haya, nakuja," akasema. "Lakini huyo Nery asinikaribie na chumvi yake."