Miti Iliyokonda

Msitu ulikuwa umekonda. Ndivyo kompyuta ilivyosema, na kila mara binti aliyeupima alipoufunga ukurasa na kuufungua upya, akitumaini kwamba macho yake ndiyo mabovu, msitu ulikuwa umekonda vilevile.

Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika usimamizi wa misitu. Nyumbani kaka yake alimwita Bibi Misitu, tangu siku ile aliposimama mlangoni na kugoma kuondoka mpaka aliyekuja kukata mpera wa uani arudishe panga lake kwenye ala. Tasnifu yake ilikuwa jambo jepesi kulieleza. Mwaka uliopita alipima unene wa miti ya mteremko wa juu, nyuma ya chuo, mmoja baada ya mwingine. Mwaka huu alirudi kuipima ileile ili aone imekua kiasi gani. Mti mzima haukui kama mtoto wa shule. Kwa mwaka huongeza unene wa ukucha, basi. Lakini huongeza. Haupungui.

Yake ilikuwa imepungua. Tena si yote, na hapo ndipo kichwa kilipomzunguka zaidi. Miti michanga, iliyonyooka kama fito, ilikuwa imenenepa kidogo. Ile mikubwa, yenye mashina yaliyotanuka chini kama sketi ya marinda, ndiyo iliyokonda. Alifikiri ni ukame, akakumbuka kwamba mvua ilinyesha hadi buti zake zikaota ukungu. Akafikiri ni wadudu, akaenda kubandua magome na kuchungulia. Hakuna kitu. Majani yalikuwa ya kijani, ndege walikuwa wanapiga kelele zao. Mgonjwa gani huyu anayekonda huku anacheka?

"Binti yangu, miti haikondi," msimamizi wake alimwambia. Alikuwa mama wa makamo, mpole, ambaye chuo kizima kilimwita Daktari kana kwamba hakukuwa na daktari mwingine. "Haina mawazo kama wewe."

"Nimerudia kuipima, Daktari. Futi ni ileile, mikono ni hii hii."

"Na usawa?"

"Ni uleule. Kifuani."

Hapo hakuwa amesema uongo. Kitabu cha mafunzo kiliagiza kwamba shina lipimwe mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini, usawa wa kifua cha mtu, na kwamba mahali hapo pazungushiwe rangi ili mwakani futi irudi palepale. Rangi ndiyo iliyomshinda. Kuupaka mti rangi, kwake, kulikuwa kama kumchora mtu usoni akiwa amelala. Kwa hiyo alifanya kama wafanyavyo wengi wakiwa porini: alitafuta alama kwenye mwili wake mwenyewe. Mwenzake mmoja alitumia mfuko wa shati, mwingine kwapa. Yeye alipima, akakuta kimo hicho kinaangukia kifungo cha tatu cha koti lake la kazi. Tangu hapo, kila mti aliukaribia kama anataka kuukumbatia, akazungusha futi penye kifungo, akaandika.

Daktari alizitazama namba kwa muda mrefu. Kisha, kwa sababu alimwamini mwanafunzi wake, akazipeleka kwa meneja wa msitu.

Meneja hakuwa mtu wa kuzunguka. "Mti ukianza kurudi nyuma, huo unakufa," alisema. "Tufyeke mteremko wote, tupande miche mipya. Jumatatu tunakutana, nitasaini, watu wa misumeno waingie."

"Lakini mimi sikusema ikatwe!"

"Wewe hukusema. Namba zako zimesema."

Binti alitoka ofisini humo. Alikuwa ameingia katika masomo haya ili ailinde miti, na mteremko wa kwanza aliopewa kuupima ndio uliokuwa unasubiri msumeno.

Jumapili alikuwa nyumbani, ameshika tama, chai imepoa mbele yake.

"Bibi Misitu, nani kafiwa?" kaka yake alimuuliza. "Au umeachwa na mti wako wa mkangazi?"

"Muache mwenzako," mama alisema. "Kula, mwanangu. Wewe ndiye uliyekonda, si hiyo miti."

Hakula. Alisimama na kuvaa koti lake. Alitaka kwenda kuitazama tena, ingawa hakujua atatazama nini. Mama alimfuata hadi mlangoni, akamnyoosha mabega kwa viganja viwili, kama alivyozoea kumfanyia tangu akiwa wa shule ya msingi.

"Angalia lilivyokukaa sasa," alisema kwa fahari. "Mwanzoni lilikuwa linaning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Vizuri nilipandisha mabega wakati ule wa likizo."

Binti aliduwaa, mkono mmoja ndani ya mfuko.

"Ulipandisha, mama?"

"Si ulifurahi mwenyewe? Kidogo tu. Vidole vinne hivi."

Alirudi ndani mbio, akavuta futi ya mama kwenye droo ya cherehani, akaikanyaga ncha yake na kuivuta hadi kwenye kifungo cha tatu. Kifungo kilikuwa kimepanda pamoja na mabega. Mwaka jana alipima kabla ya likizo ile, mwaka huu baada yake, naye akakifuata kilikopanda. Mti wenye sketi, ukiupima juu kidogo, lazima uwe mwembamba. Mti ulionyooka haujali.

"Kuna nini tena?" mama aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Limenikaa vizuri sana."

Alimweleza kaka yake walipokuwa wawili uani, naye akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaacha kucheka. "Sasa sikiliza. Kesho waambie futi ilikuwa mbovu. Futi haina mdomo, haitabisha."

Lilikuwa wazo zuri. Alilala nalo, akaamka nalo, akaingia nalo katika ofisi ya meneja Jumatatu asubuhi. Ramani ya msitu ilikuwa imetandazwa mezani, mteremko wa juu umezungushiwa penseli, na kalamu ya kusaini imelazwa kando. Aliitazama kalamu ile.

"Ni koti," alisema.

"Nini?"

"Koti langu. Nilipimia kifungo, na kifungo kilihama. Sikupaka rangi kama nilivyoagizwa. Kosa ni langu."

Meneja alimgeukia Daktari. "Anasema koti?"

"Nimemsikia," Daktari alisema polepole, huku akivua miwani.

"Haya, kwa hiyo miti ni mizima. Tumalize."

Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo. Lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi, tamu kama sukari, na mteremko wote ungepona hapo hapo. Lakini mwaka jana alisimama vipi? Amevaa buti au viatu? Upande wa juu wa shina au wa chini? Tofauti ya ukucha, na yeye alikuwa ameipima kwa nguo.

"Sijui," alisema.

"Basi inakufa."

"Hilo pia silijui."

"Sasa binti, wewe unajua nini?"

"Najua kwamba haijapimwa bado."

Meneja alipumua kwa nguvu, akaitazama kalamu, akamtazama Daktari.

"Bila vipimo usisaini," Daktari alisema. "Mpe mwaka. Leo apime upya, na mwakani arudie."

Kalamu ikarudi mfukoni. "Mwaka mmoja," meneja alisema. "Ikikonda tena, sitaki kusikia habari za nguo."

Kwenye korido Daktari alitembea naye hadi ngazini. "Unajua hutahitimu na wenzako."

"Najua."

"Na hilo koti, nani alilipunguza?"

"Mimi mwenyewe."

Daktari alishika bega la koti, akaupitisha mshono chini ya kidole gumba, mshono ulionyooka wa mtu aliyeshona nguo maisha yake yote. Aliachia bega, akashuka ngazi.

Simu ililia mfukoni. Kaka: *Imekuwaje, Bibi Misitu?*

Aliandika *Tumeshinda*, akafuta. Akaandika *Nimefeli*, akafuta na hilo. Alisimama hapo ngazini, watu wakimpita kulia na kushoto, kidole kikiwa juu ya kioo. Mwishoni aliandika *Bado*, akalituma, akaenda kutafuta rangi.